Siku Moja kwa Wiki: Shajara ya Feloshipu ya Ufundishaji

Kabla ya wiki ya 1

Barua imefika. Chuo kimenipa feloshipu ya ndani ya ufundishaji: asilimia 20 ya muda wangu wa kazi kwa wiki 32 za masomo, ili nitengeneze upya namna tunavyowarudishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi zao zilizosahihishwa. Wanaonipongeza kwenye korido wanadhani nimeongezewa mshahara. Sijaongezewa hata senti. Fedha zinakwenda kwenye akaunti ya idara, idara inamlipa mtu wa kunishikia baadhi ya vipindi, nami nabaki na siku moja kwa wiki ya kufanya nilichoahidi kwenye fomu. Kuna fungu dogo pembeni la kuwalipa wanafunzi watakaonisaidia. Basi.

Nilichoahidi, kwa ufupi: ripoti fupi nne za majaribio ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huandika zitarudi na mrejesho anaoweza kuutumia kwenye ripoti inayofuata, wasahihishaji watano tutapima kwa kipimo kimoja, na kozi nyingine za idara zitaweza kuuchukua utaratibu huo bila mimi kuwepo. Ahadi ya tatu niliiweka kwa sababu fomu iliuliza mradi utaendeleaje ufadhili ukiisha, na kila aliyewahi kujaza fomu za namna hii anajua kwamba kisanduku hicho ndicho chenye alama nyingi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali niliyopewa hapa ni saa. Kwa hiyo kila wiki nitaandika nimepata saa ngapi kati ya 8. Saa itahesabiwa tu ikiwa nilikaa na mradi angalau dakika 45 mfululizo. Dakika kumi za kuchomoa kati ya kikao na kikao sitaziweka, maana nikianza kuziokota nitajidanganya mwenyewe.

Wiki ya 1: saa 3

Jumatano ndiyo siku ya mradi. Nimeandika kwenye kalenda, nimebandika karatasi mlangoni. Asubuhi na mapema mwanafunzi amebisha: "Samahani Daktari, najua leo hupo, ila nina swali dogo tu." Nimecheka, nikamfungulia. Hadi mchana nilikuwa nimeshakuwa "sipo" kwa watu saba.

Wiki ijayo Jumatano nakaa maktaba, ghorofa ya juu, nyuma ya majarida ya zamani.

Wiki ya 2: saa 5

Kusoma. Nilitaka kwanza kujua vyuo vilianza vipi kununua muda wa walimu wao wenyewe, kwa sababu ukitazama kwa macho makavu ni jambo la ajabu: tumeajiriwa kufundisha, kisha tunaomba ruhusa ya kufikiria tunavyofundisha. Mizizi ni mingi, lakini jina moja linajirudia kila unapogeuka, la Ernest Boyer, aliyekuwa rais wa taasisi ya Carnegie ya kuendeleza ufundishaji nchini Marekani. Mwaka 1990 alitoa ripoti iliyoigawa kazi ya msomi katika sehemu nne: ugunduzi, uunganishaji, matumizi na ufundishaji. Alichokuwa akikipigia kelele ni kwamba vyuo vinalipia sehemu ya kwanza na kuzisifia tatu zilizobaki. Mtafiti akitaka muda, kuna ruzuku na likizo ya utafiti. Mwalimu akitaka muda, kuna wikendi. Feloshipu kama hii yangu ni jaribio la kuziba pengo hilo kwa kiraka kidogo.

Jambo la pili nililosoma limenikalia vibaya tumboni. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho na kuzipima kwa pamoja. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapima, utendaji *ulishuka* baada ya mtu kupewa mrejesho. Maelezo yao ni kwamba mrejesho unaomfanya mtu ajitazame yeye, badala ya kuitazama kazi, humvuruga. Nimekumbuka maoni ninayoandika pembezoni mwa ripoti: "Vizuri sana!", "Umenisikitisha." Yote yanamhusu mwandishi. Hakuna hata moja linaloihusu ripoti.

Kisha kuna jaribio la Ruth Butler la mwaka 1988. Wanafunzi waligawanywa: kundi moja lilipewa maoni peke yake, jingine alama peke yake, la tatu alama pamoja na maoni. Waliopata maoni peke yake ndio walioendelea kufanya vizuri na kubaki na hamu. Waliopata vyote viwili walifanana na waliopata alama tu, kana kwamba maoni hayakuandikwa kabisa. Walikuwa watoto wa shule, si watu wazima wa chuo, kwa hiyo sitaruka nalo moja kwa moja hadi darasani kwangu. Ila nimeliweka mfukoni.

Wiki ya 3: saa 2

Nimeanza kuelewa hesabu iliyonikamata, na ni bora niiandike ikiwa bado ya moto.

Asilimia 20 ya wiki ya saa 40 ni saa 8. Idara imezipata saa hizo kwa kuninyang'anya semina mbili, kila moja saa moja darasani, na kwa kanuni ya mzigo wa kufundisha kila saa ya darasani hubeba saa tatu za maandalizi na ufuatiliaji. Mbili mara nne, nane. Kwenye karatasi hesabu haina dosari.

Tatizo ni kwamba semina hizo nimezifundisha miaka mingi. Maandalizi yake kwangu ni nusu saa ya kupitia maelezo huku nikinywa kitu cha moto. Kanuni imeandikwa kwa ajili ya mwalimu anayeanza, na kwa mwalimu anayeanza ni ya kweli kabisa: mhadhiri wa muda aliyeletwa kunishikia anatumia saa zote hizo, pengine na zaidi. Lakini mimi nilipoziacha, nilichoachia ni saa tatu kwa wiki, si nane. Saa tano zilizobaki hazikuwepo tangu mwanzo. Zimenunuliwa kwa fedha halali kutoka kwenye ghala tupu.

Na katika saa tatu hizo, wiki hii saa moja imekwenda kwa kumkabidhi mhadhiri wa muda vifaa, kumwonyesha mfumo wa kuingiza alama na kumweleza ni mwanafunzi yupi anahitaji nini. Ni haki yake kuelezwa. Hakuna aliyeiweka saa hiyo kwenye bajeti.

Wiki ya 4: saa 4

Nimekwenda kwa mkuu wa idara na karatasi yangu ya hesabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Daktari, nakuelewa. Lakini fedha zimeandikwa ni za kufundishia. Siwezi kumlipa mtu akukalie kikao."

Nikamwambia sihitaji mtu wa kunikalia kikao. Nahitaji kutokuwa kwenye kikao.

Alinyamaza kidogo, akacheka. Tulichokubaliana: nirudishiwe semina moja, ambayo kwangu ni nyepesi, na badala yake mhadhiri wa muda asahihishe kozi yangu ya mwaka wa tatu, ambayo kwangu ni mzigo wa kuvunja mgongo. Pia nimeondolewa kamati ya ratiba hadi mradi uishe. Hili la pili halikugharimu chochote na ndilo litakalonipa saa nyingi kuliko yote. Kama ningeijaza fomu leo, kwenye sehemu ya muda nisingeandika asilimia. Ningeandika orodha ya kazi zinazoondoka mezani kwangu, moja moja kwa majina, na nani anazichukua.

Wiki ya 5: saa 0

Mitihani ya marudio.

Wiki ya 6: saa 7

Wiki ya kwanza ya kweli. Nimechukua rundo la ripoti za mwaka jana, majina yamefutwa, nikapanga maoni ya wasahihishaji kwenye mafungu. Fungu la kwanza: maoni yanayoeleza kosa lililopita. La pili: sifa na lawama. La tatu: maoni yanayomwambia mwanafunzi afanye nini kwenye ripoti *inayofuata*. Fungu la tatu lilitosha kwenye kiganja.

Na nimekutana na mwandiko wangu mwenyewe. "Fafanua zaidi." Nimeliandika kila mahali. Penye aya ndefu kupita kiasi, "Fafanua zaidi." Penye jedwali lisilo na maelezo, "Fafanua zaidi." Kuna ripoti moja imebeba neno hilo mara tano, na sehemu mbili kati ya hizo hata mimi niliyeandika siwezi kusema nilitaka kifafanuliwe nini.

Wiki ya 7: saa 4

Nimewapata wanafunzi wawili wa mwaka wa pili wa kufanya nao kazi kwa malipo. Niliwaonyesha "Fafanua zaidi" na kuwauliza walikuwa wakielewa nini walipoiona. Mmoja alisema, "Tulikuwa tunaongeza aya." Mwingine akaongeza, "Na marejeo mawili."

Nimeipigia mstari.

Wiki ya 8: saa 3

Kamati ya maadili ya utafiti imerudisha maombi yangu na swali moja la haki. Mimi ndiye mwalimu wa kozi, mimi ndiye ninayetoa alama, na mimi ndiye ninayeomba kutumia ripoti za wanafunzi kama data. Mwanafunzi gani atathubutu kukataa? Nilikuwa nimeandika "ushiriki ni wa hiari" kama mtu anayeandika tarehe, bila kulifikiria neno.

Marekebisho: mtu wa nje ya kozi ndiye atakayeeleza mradi na kukusanya fomu za ridhaa. Sitajua nani amekubali na nani amekataa mpaka alama za mwisho zitangazwe. Wote watapata mrejesho mpya, aliyekubali na aliyekataa, kwa sababu huo ni ufundishaji. Kinachohitaji ridhaa ni mimi kuzichambua kazi zao baadaye. Kutenganisha mambo hayo mawili kumeniondolea fundo kubwa.

Wiki ya 9 na ya 10: saa 6, saa 6

Zoezi la kusahihisha kwa pamoja. Wasahihishaji watano, ripoti sita zilezile, kila mtu chumbani kwake, hakuna kushauriana.

Nilijua tutatofautiana. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott waliwatumia walimu wa Kiingereza nakala za insha zilezile na kurudishiwa alama kutoka kwa walimu 142. Insha moja ilipata kuanzia 64 hadi 98, nyingine kuanzia 50 hadi 97. Zaidi ya karne imepita, na bado kila idara inaamini kwamba jambo hilo hutokea kwa jirani.

Kwetu limetokea. Ripoti moja ilifaulu kwa watatu na kufeli kwa wawili. Tulipokaa kuijadili, ilibainika kwamba wawili hao walikuwa wameisahihisha lugha na watatu walikuwa wameyasahihisha majaribio. Hakuna aliyekosea. Hatukuwa tumewahi kuambiana tunapima nini.

Mwenzangu mmoja alijitetea kwamba kwa jumla tunakubaliana karibu asilimia 85 kwenye nani afaulu na nani afeli, kwa nini tunahangaika? Nimelijibu hili ubaoni na nataka libaki hapa, maana litaulizwa tena. Chukua wasahihishaji wawili ambao kila mmoja hufaulisha asilimia 90 ya kazi. Hata kama wanatupa alama kwa kubahatisha tu, watakutana kwenye "faulu" kwa 0.9 mara 0.9, yaani 0.81, na kwenye "feli" kwa 0.1 mara 0.1, yaani 0.01. Jumla ni asilimia 82 za makubaliano ya bahati. Kwa hiyo, kama na sisi tunafaulisha kwa kiwango hicho, 85 yetu inaizidi bahati kwa pointi tatu katika 18 zilizokuwa zimebaki. Kipimo cha kappa alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960 hufanya hesabu hiyohiyo, na hapa kinatoa takriban 0.17. Ni kidogo mno kwa kitu kinachoamua nani arudie mwaka.

Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitoa mbele ya kikao.

Wiki ya 11: saa 5

Rasimu ya rubriki, yaani jedwali la vigezo vya kusahihishia. Safu 12, viwango vitano. Naiona nzuri sana.

Wiki ya 12: saa 3

Ripoti ya katikati. Ofisi ya ufundishaji inataka kurasa mbili: maendeleo, changamoto, "viashiria vya mafanikio". Kwenye fomu ya maombi kiashiria changu kilikuwa kuridhika kwa wanafunzi, kupitia dodoso. Sasa nakionea haya. Donald Kirkpatrick aligawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne mwaka 1959: mtu amelipokeaje somo, amejifunza nini, amebadilisha nini katika utendaji, na hatimaye kumepatikana nini. Mimi niliishia ngazi ya kwanza kwa sababu ndiyo rahisi kuijazia dodoso.

Na ngazi hiyo ya kwanza hudanganya kwa namna mbaya kweli. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard waliwafundisha wanafunzi wa fizikia kwa njia mbili. Waliosikiliza mhadhara uliopangika vizuri walihisi wamejifunza zaidi. Waliohangaika na maswali kwa vikundi walihisi wamejifunza kidogo, lakini kwenye mtihani ndio waliofanya vizuri. Ningekuwa nimefanya mradi kama huo kwa dodoso langu, ningeandika kwamba umeshindwa.

Nimebadilisha kiashiria: je, kile mwanafunzi alichoambiwa kwenye ripoti ya pili kinaonekana kimefanyiwa kazi kwenye ya tatu? Hili linahitaji kusoma ripoti mbili mbili kwa macho, taratibu. Linakula saa. Nimemwandikia mratibu wa feloshipu kumwomba ruhusa ya kubadilisha, naye amejibu kwa sentensi moja kwamba sawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Wiki ya 13: saa 0

Mgonjwa siku mbili, na Jumatano ilikuwa mojawapo. Siku ya mradi ukiiugua haifidiwi na mtu.

Wiki ya 14: saa 6

Utaratibu mpya umeanza kujaribiwa. Ripoti ya kwanza imerudi na maoni, bila alama. Ili aione alama, mwanafunzi aandike mistari miwili: kwenye ripoti inayofuata nitabadilisha nini, na wapi.

Mfumo wa masomo haukukubali kuificha alama huku ukionyesha maoni, angalau si kwa namna ambayo mimi na fundi wake tuliweza kuipata. Tumetumia jedwali la kawaida na barua pepe. Aibu kidogo, lakini limefanya kazi.

Foleni mlangoni siku ya pili. "Daktari, tumefeli?" Hofu yao ilikuwa ya haki: katika uzoefu wao, alama hufichwa pale penye habari mbaya. Nilipaswa kuwaeleza wiki mbili kabla, darasani, taratibu, kwa nini tunafanya hivi. Niliwaeleza kwa tangazo la aya moja, na aya yenyewe, nimeisoma tena sasa, ilihitaji kufafanuliwa zaidi.

Kwenye mistari miwili waliyoandika kuna mengi ya kunakili tu maoni yangu neno kwa neno. Lakini kuna mmoja ameandika: "Nitaweka swali mwanzoni kabla ya njia, kwa sababu mwalimu aliyesoma hakujua natafuta nini mpaka ukurasa wa tatu." Huyo ameelewa kuliko nilivyoeleza.

Wiki ya 15 hadi ya 18: saa 4, 5, 2, 0

Mwisho wa muhula. Mitihani, kusahihisha, kikao cha matokeo. Nilisoma nilipoweza. Hakuna la kusema.

Wiki ya 19: saa 5

Rubriki ya safu 12 imekufa. Wasahihishaji wameniambia ukweli bila kuupaka asali: inawachukua karibu mara mbili ya muda wa zamani, na wanapofika safu ya saba wanajaza kwa mazoea. Mwanafunzi naye anapata karatasi iliyojaa alama za vema kama orodha ya ukaguzi wa gari.

Nimekata hadi safu nne: swali, ushahidi, hoja, lugha. Chini yake nafasi moja tupu yenye kichwa "Kwenye ripoti inayofuata, anza na hili." Jambo moja tu. Kama lugha ni mbovu na hoja ni mbovu, msahihishaji achague. Imetuuma kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kila mmoja wetu anaona kuacha kosa bila kulitaja ni uzembe.

Wiki ya 20: saa 7

Leo wanafunzi ndio wamesahihisha. Semina nzima, ripoti tatu za zamani, rubriki ya safu nne, vikundi vya watu wanne. Wazo la msingi ni la Royce Sadler, aliyeandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi hawezi kuiboresha kazi yake mpaka awe na picha ya ubora inayokaribiana na ile aliyonayo mwalimu, aweze kuilinganisha kazi yake na picha hiyo, kisha ajue la kufanya kuliziba pengo. Tumekuwa tukiificha picha hiyo vichwani mwetu na kuwatupia maelekezo kutoka mbali.

Vikundi vilikuwa vikali kuliko sisi. Ripoti ambayo wasahihishaji waligawanyika tatu kwa mbili, wanafunzi walitaka ifeli karibu wote. Tulibishana nao hadi kipindi kikaisha, na ubishi huo ndio mrejesho bora niliowahi kuutoa, ingawa sikuandika neno hata moja pembezoni mwa karatasi ya mtu.

Wiki ya 21: saa 6

Mhadhiri wa muda alinikuta kwenye ngazi. "Daktari, ile nafasi tupu ya chini, kwa nini isiwe juu? Wanafunzi wangu wanasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, na kwenye simu wa mwisho hauonekani mpaka ushuke."

Tumeihamishia juu siku hiyohiyo.

Nimekaa nalo jioni. Huyu ndiye mtu ambaye muda wangu umenunuliwa kwa kumlipa yeye. Analipwa kwa saa za darasani, halipwi kukaa kwenye vikao vya mradi, na kwa hiyo hakualikwa. Anasahihisha ripoti nyingi kuliko mimi. Kwenye fomu yangu anaonekana mara moja tu, kwenye safu ya gharama. Nimemwomba mratibu fungu dogo la wanafunzi wasaidizi liruhusiwe kumlipa na yeye kwa saa za vikao. Jibu bado.

Wiki ya 22: saa 5

Jibu limekuja: inaruhusiwa, kwa kiwango cha wasaidizi. Nimemweleza kwa uso wa chini. Amekubali, na akanishukuru, jambo lililozidi kunifedhehesha.

Wiki ya 23 hadi ya 26: saa 6, 6, 4, 7

Kusoma ripoti za pili na za tatu mbili mbili. Kazi ya kuchosha na ya kupendeza. Mhadhiri wa muda anasoma nusu, mimi nusu, na tunabadilishana chache ili tuone kama tunaona kitu kimoja. Ridhaa bado imefungiwa kwa mtu wa nje, kwa hiyo kwa sasa tunasoma kama walimu tu na hatuweki chochote kwenye jedwali la utafiti.

Pembeni ya hapo nimekuwa nikifikiria juu ya mtindo mwingine wa kugharamia mambo haya. Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka 2001, aliongoza miradi mikubwa miwili, mmoja Chuo Kikuu cha Colorado kuanzia 2006 na mwingine Chuo Kikuu cha British Columbia kuanzia 2007. Fedha zilikwenda kwa idara nzima nzima, nazo ziliajiri watu waliobobea kwenye somo husika, waliofunzwa jinsi watu wanavyojifunza, wakakaa na wahadhiri kozi baada ya kozi. Kwa mtindo ule mabadiliko ni kazi ya mtu kwa wiki nzima. Kwetu ni kazi ya Jumatano. Sisemi chuo chetu kina fedha za namna ile. Ila ninapoulizwa kwa nini feloshipu hizi huacha ripoti nzuri na kozi moja iliyobadilika, hilo ni sehemu ya jibu langu.

Wiki ya 27: saa 3

Kozi jirani imeomba rubriki. Nimewatumia. Wameomba pia nije kuwaendeshea zoezi la kusahihisha pamoja. Hapa ndipo ahadi ya tatu inapogonga mwamba: rubriki inasafiri peke yake, zoezi halisafiri. Na rubriki bila zoezi ni karatasi tu. Tutarudi palepale, wawili wanapima lugha na watatu wanapima majaribio, safari hii wakiwa na safu nne zinazofanana.

Nimekwenda. Saa mbili. Nimewaomba watu wawili kutoka kwao waendeshe la pili huku mimi nikikaa nyuma.

Wiki ya 28: saa 5

Wameliendesha. Vibaya kidogo, na bila mimi kufungua mdomo.

Wiki ya 29: saa 2

Siku ya ufundishaji ya chuo. Dakika 15 za wasilisho. Ukumbini walikuwepo wale wanaokuwepo kila mwaka: wenye feloshipu, waliowahi kuwa nazo na wanaoziomba. Mkuu wa idara alifika, akakaa mstari wa mbele, akaondoka kabla ya maswali kwa sababu ana kikao cha kamati ya ratiba.

Wiki ya 30: saa 6

Alama za mwisho zimetangazwa, bahasha ya ridhaa imefunguliwa. Wengi wamekubali. Ninachoweza kukisema bila kupamba: kati ya waliokubali, kile walichoandikiwa kwenye nafasi ya "anza na hili" kinaonekana kwenye ripoti inayofuata mara nyingi kuliko nilivyoweza kukiona kwenye ripoti za mwaka jana. Sina kundi la kulinganisha la mwaka huuhuu. Maoni ya mwaka jana yalikuwa ya namna nyingine, kwa hiyo hata kuyatafuta kwenye ripoti iliyofuata ilikuwa kama kumtafuta mtu usiyeijua sura yake. Nimeliandika hivyohivyo kwenye ripoti ya mwisho. Kisanduku cha "athari" kina nafasi ya maneno 100 na sikuyamaliza.

Kuficha alama kwanza: sijui kama ndiko kulikosaidia au ni ile mistari miwili. Vilikwenda pamoja, kosa langu la mpango. Mwakani tutaacha kuficha kwenye nusu ya semina.

Wiki ya 31: saa 4

Ripoti ya mwisho imekwenda.

Wiki ya 32: saa 1

Daftari. Saa zilizoahidiwa, 8 mara 32, ni 256. Nilizopata ni 132. Zaidi kidogo ya nusu, na nyingi zimekuja baada ya kile kikao cha wiki ya 4. Nimeliambatisha jedwali hilo kwenye ripoti, ingawa halikuombwa.

Mkataba wa mhadhiri wa muda umeishia Ijumaa. Mafaili ya zoezi la kusahihisha ameyapanga yeye, kwa majina yanayoeleweka, na ameacha nakala mbili.

Mwenzangu wa idara nyingine anaomba feloshipu ya mwaka ujao, amekuja kuniomba fomu yangu aione ilivyojazwa. Nimempa fomu na jedwali la saa. Fomu ameiweka kwenye mkoba. Jedwali amelisoma akiwa amesimama, mpaka chini, kisha akaniuliza zile wiki za sifuri niliwaambia nini.

Ratiba ya muhula ujao imebandikwa. Jumatano nina semina asubuhi, na kamati mchana.